Mwalimu Roselyne Nyanchoka Astaafu Bila Cheti cha Mtandaoni

Na Ishmael Masese, Idara ya Kiswahili

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kilimo, kumi na tisa kati ya hiyo akisimamia ushauri nasaha katika shule yetu ya wasichana hapa Nyansiongo, Mwalimu Roselyne Nyanchoka anastaafu rasmi tarehe 3 Desemba 2025, siku anayotimiza umri wa miaka sitini. Anaondoka na barua mbili za pongezi, mtamba mmoja tuliyemzawadia, na alama ya chini kabisa kuwahi kupatikana na mwalimu yeyote wa eneo letu katika mafunzo ya mtandaoni. Mhariri wa jarida hili aliniomba niliondoe hilo la mwisho. Nimekataa, kwa sababu bila hilo sina habari ya kusimulia.

Alizaliwa Nyacheki, katika boma la wakulima wa majani chai, mtoto wa tatu kati ya tisa. Mwenyewe husema alijua kuchuma chai kabla ya kujua kushika kalamu, na kwamba mwandiko wake ndio ushahidi. Mwaka wa 1991, akiwa na diploma ya ualimu na sanduku la bati, alipelekwa Nyamarambe. Mwalimu mkuu wa huko alimwagiza apande maua mbele ya ofisi ili wageni wapendezwe. Madam Roselyne akapanda kabeji. Alipoitwa ajieleze, alisema wageni huja mara moja kwa mwaka, lakini wanafunzi hula kila siku. Kabeji zilibaki. Inasemekana mkaguzi wa elimu aliyekuja muhula huo alizisifu sana, akaondoka na nne.

Alihamia kwetu mwaka wa 2004, akamkuta ng'ombe wa shule amekonda na hana jina. Alimlisha majani ya nepia, akamwita Silabasi, kwa sababu, alisema, tangu zamani hakuna mwalimu aliyewahi kumkamua akammaliza. Silabasi wa sasa ni mjukuu wa yule wa kwanza, na tabia yake ya kupiga mateke ni ya ukoo.

Kwa wasiomjua, Madam ni mama mfupi, Msabato, mwimbaji wa sauti ya pili, na anazungumza kwa sauti ya chini kiasi kwamba darasa zima hunyamaza ili limsikie. Mimi nina miaka kumi na mitano ya kupaza sauti darasani na bado sijaigundua siri hiyo. Ofisi yake ya ushauri ni ghala dogo nyuma ya maabara. Ndani mlikuwa na majembe, mbegu, kiti kimoja cha mbao, na gunia la mbolea lililotumika kama kiti cha pili. Mwanafunzi akiingia, anapewa kiti. Madam hukalia gunia.

Mnamo Februari 2024, shirika moja la Nairobi lilileta mafunzo ya mtandaoni ya kuwafundisha walimu namna ya kuwasaidia wanafunzi wanaojiumiza kwa makusudi. Niseme wazi kwamba jambo lenyewe ni la kweli na ni zito. Wapo watoto wanaobeba uchungu mpaka wanaugeuzia mwili wao wenyewe, na wengi wetu tulikuwa tukiwaita wakorofi, au tukisema wameiga ya kwenye simu. Mafunzo yalihitajika. Kasoro ilikuwa namna tulivyoyasoma.

Yalikuwa masomo manane ya saa moja moja. Shuleni kwetu mtandao hupatikana vizuri mahali pamoja tu, kando ya tangi la maji. Basi wiki ile mzazi aliyepita njiani aliona walimu ishirini na wawili wamesimama chini ya tangi, simu zimeinuliwa juu, kama watu wanaoliombea jua litoke. Kwenye video kulikuwa na katuni ya mwalimu mwenye ofisi nzuri, kochi, zulia na ua la plastiki. Nje ya dirisha lake theluji ilikuwa ikianguka. Alitushauri tumkaribishe mwanafunzi, tumpe maji, kisha tumpeleke kwa mwanasaikolojia wa shule aliye mlango wa pili. Kwetu sisi mlango wa pili ni jikoni.

Naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Jasper Onyiego, ni mwalimu wa Hisabati, na anapenda asilimia kama wengine wanavyopenda chai ya maziwa. Jumanne ya wiki hiyo alitutumia kwenye kikundi cha WhatsApp cha walimu majibu yote ya mtihani wa mwisho, kutoka la kwanza hadi la ishirini, na chini yake akaandika: "Wapendwa, tusiaibishe shule." Hatukuiaibisha. Kufikia Alhamisi walimu ishirini na mmoja walikuwa wamepata mia kwa mia. Vyeti vilichapishwa kwa rangi, vikawekwa kwenye fremu, na kitambaa kikubwa cha kutangaza ufanisi wetu kikafungwa langoni. Mimi nilisoma somo la nne nikisahihisha insha huku natafuna mahindi ya kuchoma. Lilikuwa somo la kusikiliza. Niliruka dakika arobaini, maana nilikuwa na haraka.

Wa ishirini na wawili alikuwa Madam Roselyne. Yeye alitazama saa zote nane, katika muda wa wiki tatu, akiandika daftarini kwa kalamu ya bluu, na mambo muhimu kwa nyekundu. Kisha akafanya mtihani, akaanguka.

Kilichomwangusha kilikuwa swali la saba. Liliuliza: mwanafunzi anakuambia anajiumiza, utafanya nini kwanza? Majibu yalikuwa manne: kumjulisha mzazi, kujaza fomu ya tukio, kumpeleka kwa mtaalamu, au yote yaliyotajwa. Madam alitazama majibu hayo kwa muda mrefu. Alisema yote ni mema, lakini hakuna hata moja linaloeleza mtoto anaachwa wapi wakati mwalimu anapiga simu. Akaliacha wazi. Mtambo wa mafunzo haukubali swali lililoachwa wazi. Ukamfungia na kumpa sifuri ya mtihani mzima. Akajaribu tena, akafungiwa tena. Alijaribu mara sita.

Jioni ya mara ya tatu aliwaandikia waliotunga swali barua pepe ndefu na ya adabu. Jibu lilirudi kabla hajafunika simu: "Asante kwa maoni yako. Maoni yako ni muhimu kwetu." Madam hakujua kwamba aliyejibu ni mtambo. Alifurahi mno, akamwandikia tena, akamsalimia, akamuuliza kama kwao mvua imeanza. Jibu likaja lile lile. Wakaandikiana hivyo mwezi mzima. Mtambo ulimkumbusha kumaliza mafunzo kila Jumamosi asubuhi, naye kila Jumapili aliuomba radhi kwamba alikuwa kanisani. Nilipomweleza hatimaye kuwa hakuna mtu upande wa pili, alisema alishaanza kushuku, kwa sababu hakuna mtu wa kweli anayeulizwa habari za mvua akakosa la kulalamikia.

Machi ya mwaka huo huo ikatolewa kauli kwamba mwalimu asiye na cheti hawezi kushika ofisi ya ushauri. Uteuzi ukaniangukia mimi. Bwana Onyiego alieleza mbele ya walimu wote kuwa nilikuwa nimemaliza mafunzo ya saa nane kwa dakika thelathini na sita, rekodi ya shule. Wakanipigia makofi. Nami nikainama kidogo kushukuru, Mungu anisamehe.

Madam alinikabidhi ufunguo bila kinyongo.

"Haya, tata," aliniambia, kama wamama wa kwetu wanavyomwita kijana wa kiume wanayemheshimu na kumhurumia kwa wakati mmoja. "Ofisi ni yako. Mtoto akiingia, wewe usikalie kiti."

Sikumwelewa. Niliondoa gunia na majembe, nikaleta meza, nikatundika cheti ukutani, na mlangoni nikapigilia kibao: MSHAURI ALIYEIDHINISHWA. Kuanzia Machi hadi Juni hakuingia mwanafunzi hata mmoja. Katika ripoti yangu ya muhula niliandika kwamba tatizo limepungua kwa asilimia mia.

Sasa nafika kwa msichana mmoja. Simtaji jina. Ameisoma sehemu hii kabla haijachapishwa, akafuta sentensi mbili na kusahihisha moja, na haya yaliyobaki ameyaruhusu mwenyewe.

Ilikuwa Julai, Jumatano, baada ya chakula cha mchana. Alikuwa Kidato cha Tatu, mtoto mtulivu, wa kukaa dirishani. Alibisha, akaingia, akasimama.

"Mwalimu, rafiki yangu ameniambia nikuje kwako."

"Keti," nilisema kutoka nyuma ya meza yangu.

"Kuna kitu nafanya," alisema, "na nimejaribu kuacha, siwezi." Akavuta mkono wa sweta juu kidogo, akaurudisha upesi.

Ndugu msomaji, mimi ninayefundisha vijana ufasaha nilitafuta maneno mfukoni. Nikachukua simu nitafute somo la tano. Kiduara kikaanza kuzunguka.

"Ngoja kidogo," nikamwambia, "mtandao uko chini."

Alingoja. Kiduara kilizunguka. Nikaona ninyamazapo naonekana sina kazi, nikatoa fomu ya tukio na kumwuliza jina lake kamili, ambalo nililijua, na nambari yake ya usajili. Akajibu. Halafu, kwa kutaka kusema jambo la maana, nikasema jambo baya kuliko yote niliyowahi kumwambia mwanafunzi:

"Lakini kwa nini ufanye hivyo, na una wazazi wazuri?"

Aliinuka. Hakulia wala hakukasirika.

"Pole kwa kukusumbua, mwalimu," alisema, akafunga mlango taratibu.

Kisha nikafanya mambo mawili, moja la kijinga na moja la busara. La kijinga: niliipiga picha ile fomu na kuituma, kwa kuwa mtandao ulikuwa umerudi. La busara: nilikimbia.

Nilimkuta Madam kwenye zizi, mikono imejaa dawa ya minyoo, akijaribu kumnywesha Silabasi. Nikamweleza yote nikihema. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye neno la wazazi wazuri, alifumba macho.

"Yuko wapi sasa?"

"Amerudi darasani."

"Na yuko na nani?"

"Na wenzake. Somo la Jiografia."

Alinawa mikono hadi viwikoni, akanipa chupa ya dawa.

"Mnyweshe huyu. Huyu huwezi kumwambia neno baya."

Nilipigwa teke la goti, nikachechemea wiki mbili. Sikumwambia mtu sababu mpaka leo.

Yaliyofuata sikuyaona. Nayaandika kama alivyonisimulia msichana mwenyewe mwaka huu. Anasema Madam alikuja mlangoni mwa darasa, akamwomba mwalimu wa Jiografia amwazime msichana mmoja wa kuchambua mbegu za maharagwe. Hakumwita kwa sauti ya kuitwa ofisini. Wakaenda kwenye kibaraza cha ghala lingine, la shamba, wakaketi chini, ungo katikati yao, wakaanza kutenga mbegu nzima na zilizotobolewa na mdudu dumuzi. Robo saa nzima walichambua tu.

"Sikukuita nikuulize kwa nini," Madam alisema hatimaye. "Ukitaka tunyamaze, tutanyamaza. Lakini siendi mahali."

Msichana anasema alichambua kiganja kizima kabla ya kufungua mdomo. Kisha akaongea mpaka kengele ya michezo ikalia, na baada ya kengele akaendelea kuongea. Sababu zake ni zake, wala hazihusiani na jarida. Anachokumbuka zaidi ni kwamba Madam hakushtuka, hakumkemea, hakumhubiria, na hakuomba kuonyeshwa chochote. Alimwuliza swali moja bila kuzungukazunguka: kama kuna wakati anafikiria kuyakatisha maisha yake. Msichana alijibu kweli. Anasema kuulizwa tu waziwazi kulikuwa kama kuvuliwa kiatu kinachobana.

"Na hii yote usimwambie mtu," msichana alimwomba mwishoni.

"Hapo nikikubali nitakuwa nimekudanganya," Madam alimjibu. "Jambo kubwa hivi siwezi kulibeba mimi na wewe peke yetu, mwanangu. Tutamwambia mama yako. Na tutaenda hospitali kumwona mtu aliyesomea haya kweli. Lakini hutaenda peke yako, na hakuna atakayeambiwa kabla wewe hujajua. Kati ya watu wenu, ungependa nani akuwe karibu?"

"Shangazi."

"Basi tuanze na shangazi."

Shangazi alifika jioni hiyo hiyo, akafuatwa na mama. Kesho yake asubuhi wote wanne wakaenda hospitali ya kaunti, na huko wakapata mshauri aliyempangia msichana siku ya kurudi kila wiki. Kwa miezi saba Madam alimsindikiza. Kwenye daftari la ruhusa sababu iliandikwa kila mara kuwa ni "mradi wa Kilimo", na hivyo mradi huo ukawa mrefu kuliko wote katika historia ya idara.

Lakini ile fomu niliyoituma ilikuwa na safari yake. Mtambo uliipeleka moja kwa moja kwa Naibu. Bwana Onyiego aliisoma, akapiga hesabu: akipatikana mmoja, huenda wapo kumi. Alhamisi alasiri akaitisha mkutano wa walimu. Alitutangazia kwamba Ijumaa asubuhi gwarideni, wasichana wote mia nne na themanini watavua sweta, wakunje mikono ya shati, na walimu wapite mstari kwa mstari wakikagua. Majina yataandikwa na takwimu zitatumwa kwa shirika.

Na sisi wenye vyeti, watu ishirini na mmoja wa mia kwa mia, tulifanya nini? Tuliuliza kama ukaguzi utaanza kabla ya chai au baada.

Mimi nilijua ni nani atakayeonekana kesho mbele ya watu mia nne na themanini, na nilijua aliyemfikisha hapo ni mimi. Niliinua mkono. Nilisema fomu ilikuwa kosa langu na kwamba sidhani ukaguzi unafaa. Nilisema kwa sauti ndogo mno, na Naibu akanishukuru kwa mchango wangu.

Madam Roselyne, aliyekuwa amerudi tu kutoka hospitali, alisimama pale alipokuwa, karibu na jiko la chai.

"Bwana Naibu, naomba tufanye mazoezi kwanza," alisema. "Sisi walimu. Tukunje mikono, sote, hapa hapa, tukaguane."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akafungua kifungo cha mkono wake wa kulia, akaukunja hadi kiwikoni, akasimama akingoja.

Kicheko kikafa. Hakuna aliyegusa kifungo. Mwenzetu mmoja upande wa dirishani, mwalimu mzuri ambaye nimekula naye meza moja miaka mingi, aliinuka, akakusanya vitabu vyake na kutoka nje, mikono ya sweta imevutwa mpaka vidoleni. Madam alimtazama akienda. Halafu akamgeukia Naibu.

"Umeona? Na sisi ni watu wazima."

Akatoka kumfuata mwenzetu hadi shamba la nepia. Walichozungumza sijui, na yeyote atakayetaka kujua aulize nepia.

Ukaguzi haukufanyika. Bwana Onyiego alifunga mkutano bila sala, jambo ambalo halijawahi kutokea. Watu wengi hawajui kilichofuata, naye ameniruhusu nikiandike, kwa sharti kwamba nisitie chumvi. Jioni alikwenda zizini. Mimi nilikuwa huko nikilipia dhambi zangu kwa kuchota mavi ya ng'ombe, kwa hiyo nilisikia.

"Omong'ina," alimwambia, kwa heshima tunayompa mama aliyekomaa, "mimi si mtu mbaya. Kule shule niliyotoka tulimpoteza mtoto. Nilikuwa mwalimu wake wa darasa, na sikuona kitu. Nilidhani kesho nikiona mikono yote, nitalala."

Madam aliendelea kukamua.

"Hungelala," alisema. "Wale wenye alama mikononi wangejificha vizuri zaidi. Ungepata asilimia sifuri, na ungeiamini."

Naibu alivuta ndoo iliyopinduliwa, akaikalia. Niliondoka nikawaachia zizi lao.

Hata hivyo rekodi ni rekodi. Septemba Madam alipokea barua ya kumtaka ajieleze kwa nini hajamaliza mafunzo baada ya nafasi sita. Alijibu kwa mstari mmoja: "Swali la saba halina jibu; nikilipata nitawajulisha." Matokeo yake shirika likamtuma afisa wake mmoja, kijana aitwaye Job Nyamongo, aje amsaidie mwalimu mwenye changamoto. Alikuja na tarakilishi mbili na viatu vyeupe, gari lake likakwama kwenye tope la langoni, chini ya kile kitambaa cha mia kwa mia. Wasichana wa Kidato cha Nne walilisukuma. Viatu havikurudi kuwa vyeupe.

Job alimsomea Madam swali la saba polepole, kama anayesomea mgonjwa. Madam akamsikiliza hadi mwisho.

"Kijana wangu," akamwuliza, "mtoto akikuambia hivyo, wewe kwanza ungefanya nini? Si kwa mtihani."

Job alifikiri. Ni kijana mkweli, hilo nampa.

"Ningeogopa," alisema.

"Mimi pia huogopa. Sasa ukishaogopa?"

"Ningekaa hapo na yeye, nafikiri. Mpaka nijue la kufanya."

"Hilo bonyeza."

"Halipo, Madam."

"Ndiyo hiyo sababu nimeanguka mara sita."

Alifunga tarakilishi, akabaki nasi siku mbili. Alichambua maharagwe, akala ugali wa obokima na mboga ya chinsaga, akaandika ukurasa baada ya ukurasa. Januari mafunzo yalitoka upya, swali la saba likiwa na jibu la tano: kaa naye kwanza. Namba ya simu ya msaada ya nchi za ng'ambo, iliyokuwa mwishoni mwa kila video, iliondolewa, ikawekwa nafasi ambapo kila shule hujaza namba za hospitali na mshauri wa karibu. Hata theluji iliondolewa. Sisi sote tulimsindikiza Madam hadi chini ya tangi kushuhudia akifaulu. Alibonyeza jibu la tano kwa kidole kilichonyooka. Kumbe waliobadilisha swali walisahau kubadilisha mtambo wa kusahihisha. Akaanguka mara ya saba.

Alicheka hadi akaegemea tangi. Job alipiga simu kuomba msamaha na kuahidi kurekebisha kwa mkono, lakini Madam alimkataza. Alisema amezoea, na kwamba mtambo ule ukimkubali sasa atashindwa kuuaga.

Vyeti vyetu ishirini na kimoja tulivishusha ukutani wenyewe. Alipendekeza Bwana Onyiego. Tangu Februari mwaka huu tunayasoma masomo yale upya, kila Alhamisi baada ya vipindi, sote chumbani kwa walimu, kwa skrini moja. Naibu ndiye anayesimamisha video tunapotaka kubishana. Tumefika somo la sita. Hatuna haraka. Mimi nilirudisha ufunguo na gunia la mbolea, na kile kibao changu sasa kinaziba tundu kwenye banda la kuku, na huko kinafanya kazi iliyo wazi zaidi. Kauli ya cheti haijafutwa rasmi. Kwenye makaratasi mshauri wa shule bado ni mimi. Kila mtu anajua mlango wa kubisha.

Msichana wangu wa Julai yuko Kidato cha Nne, na ninapoandika haya anafanya mtihani wa taifa. Hakupona kwa siku moja. Aliniambia kulikuwa na wiki nzuri na wiki mbaya, na mbili mbaya sana, na kwamba hata katika hizo alijua pa kwenda. Anasema akimaliza shule atalala siku nne mfululizo. Mipango mingine ataifikiria siku ya tano.

Hafla ya kumuaga Madam ilifanyika Ijumaa tarehe 24 Oktoba. Hema lilisimamishwa, ratiba ilianza saa nane kamili, na mgeni wa heshima alifika saa nane na dakika tano, jambo la ajabu katika nchi yetu. Aliyekosekana ni mwenye sherehe. Tulimtafuta shambani, zizini na chumba cha walimu. Mwishowe mpishi alituambia kwamba msichana wa Kidato cha Pili alikuwa amebisha kwenye ghala saa saba u nusu, mlango ukafungwa.

Saa tisa ikafika. Kwaya iliimba nyimbo zake zote, ikarudia mbili. Mgeni wa heshima alitazama saa yake, akamwuliza Bwana Onyiego kama hakuna mtu wa kutumwa akamwite, kwa kuwa yeye ana mkutano mwingine mjini. Naibu, aliyeipanga ratiba ile kwa dakika na kuichapisha kwa rangi tatu, alimjibu kwa upole: "Mheshimiwa, tutangoja."

Tukangoja. Walimu ishirini na mmoja, wazazi, wanafunzi mia nne na zaidi, na mtamba aliyefungwa utepe shingoni. Mgeni wa heshima aliondoka saa tisa na robo. Saa kumi kasoro dakika ishirini mlango ulifunguliwa, Madam akatoka na yule mtoto, akamkabidhi kwa yule mwenzetu wa dirishani siku ya mkutano, ambaye alikuwa amekwenda kusimama karibu na ghala bila kuombwa. Ndipo akaja hemani, ana vumbi la mbolea nyuma ya sketi yake mpya, akasema samahani kwa kuchelewa. Kwa saa moja na dakika arobaini, hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kubisha ule mlango.

Mwalimu Roselyne, asante. Asante kwa kabeji, kwa maziwa, kwa kunyamaza kwako na kwa kusimama kwako. Rudi Nyacheki kwenye chai yako na migomba yako, ukalale mpaka jua lipande, ukaimbe sauti ya pili bila kuangalia saa ya kengele. Mungu akupe afya, mvua ya wastani, na wageni wasiokuletea fomu. Sisi huku tutajitahidi. Ukisikia tumepata tena mia kwa mia, tafadhali njoo upesi.